Vipimo vya Khainza

Utepe wangu umelika.
Sentimita tatu za mwanzo zimekatika,
kila ninachosoma natoa tatu, kichwani, kimya kimya.
Miaka kumi na tisa hapa Mbale, wateja hawajui.

Khainza amekuja akitoka shule, soksi moja juu, moja chini,
na simu ya dada yake, kioo kimepasuka kama utando wa buibui.
"Nataka hii," anasema. Anagusa,
na mle ndani ya nyufa msichana anageuka,
anatupa nywele, anageuka tena.
Kamera haipandi kupita shingo yake.
Wimbo mzima hatukuyaona macho.
Khainza hayatafuti macho. Anataka gauni la fedha,
na kiuno, na kile kinachokuja chini ya kiuno.

Ana miaka kumi na mitatu.
Mwaka jana nilimshonea sare, akataka mifuko mikubwa
ya kuwekea mapera.

Namwambia, simama wima. Anasimama kama yule:
goti mbele, tumbo kalivuta ndani hadi mbavu zinahesabika,
midomo kaikunja kana kwamba amelamba ndimu.
"Pumua."
"Nikipumua nitanenepa."
Lakini nyonga anataka zijae. Hapa apungue, pale aongezeke,
kama mtu anayehamisha udongo kwa beseni
usiku, mwenye shamba asijue.

Ng'ambo ya barabara, kwa muuza roleksi, runinga haizimwi.
Mayai yanapigwa, mafuta yanalia,
na yule wa fedha anageuka tangu asubuhi.

Nami niseme nini?
Lile gauni nililishona mimi.
Walikuja na gari kutoka Kampala, wakanipa siku mbili na robo ya pesa.
Nilisimama nyuma ya jenereta, sindano mdomoni.
Mgongoni mwake kulikuwa na pini kumi na saba
na kibanio cha kuanikia nguo, maana kitambaa hakikutosha.
Zile nyonga ni sponji. Ya godoro, inchi mbili,
niliichonga kingo kwa wembe.
Binti mwenyewe aliitwa Nambuya. Alikuwa hajala tangu jana.
Aliniomba karanga, akazila akinipa mgongo,
kisha akauliza, "Mama, unaniona mnene?"
Nikamwambia, geuka, nimalize pindo.

Tangu video itoke nimeuza sponji kuliko sare.
Bati jipya la chumba cha nyuma, lile linalometa
Wanale ikiachia mvua, ni la sponji.

"Andika tisini," ananiambia Khainza.
Utepe unasema sabini na nne.
Basi namweleza yote: pini, kibanio, godoro, karanga.
Anasikiliza vizuri, kama mtoto anayesikiliza somo.
Halafu: "Sponji hiyo bei gani?"

Naiweka kalamu chini.
Namshikisha utepe, namwonyesha pale ulipokatika,
namwambia siri ambayo hata marehemu mume wangu hakuijua:
mji mzima umevaa hesabu yangu ya kichwani,
mke wa mchungaji, diwani, maharusi wote.
Anacheka. Anacheka hadi tumbo linamtoka,
tumbo la mviringo, la mapera,
amelisahau hapo mbele ya kioo changu.

Ng'ambo wimbo unaanza upya.
Naliona tumbo linarudi ndani.

Daftarini, mbele ya jina lake,
sijaandika kitu.