Daftari la Mama Kavindu

Saini yake ya sasa naijua, nani asiyeijua?
Mkwaruzo mmoja, kama kuku aliyefukuzwa jikoni.
Huichora kwenye kofia, kwenye mikono ya watu,
bila kutazama, simu ikiwa sikioni.
Hiyo sina haja nayo.
Mimi nautaka mkono wa kabla ya jina.

Miaka ishirini na miwili natafuta.
Nina uzi wa gita uliokatika Jumamosi moja Pangani,
umeshika kutu, umejikunja kama mkia wa kinyonga.
Nina nusu ya tikiti. Nina bango la dansi
lililobanduka pamoja na rangi ya ukuta.
Mke wangu hukiita chumba kile jalala,
huingia humo kutafuta pasi tu.
Nimetapeliwa pia: yupo fundi pale Luthuli
aliyeniuzia saini ya mpiga ngoma, wino haujakauka,
na mpiga ngoma yuko Lang'ata, chini ya udongo,
tangu themanini na tatu.

Kisha nikaambiwa: nenda Kaloleni,
muulizie mama wa kibanda nyuma ya ukumbi
walipofanyia mazoezi vijana wanne wa roki,
gita moja la kukodi,
spika wameing'oa kwenye redio ya mjomba.
Walijiita Vumbi na Umeme.
Majirani waliwaita Kelele.

Mama Kavindu alinipima toka viatu hadi kipara.
Akaingia ndani, akakawia.
Akatoka na daftari la shule, jalada limeliwa na mende,
jedwali la kuzidisha bado liko mgongoni.

Ukurasa wa tisa. Agosti, sabini na moja.
Mandazi sita, chai nne. Nitalipa Ijumaa.
Na chini, kwa herufi za mwanafunzi
anayeogopa rula ya mwalimu:
Elkana Mudaki Asava.
Majina yote matatu! Nukta ya i imeviringwa kama yai.
Pembeni, kidole gumba cha mafuta.
Ukurasa wa kumi, Elkana. Wa kumi na moja, Elkana tena,
Ijumaa zikipita, herufi zikilegea,
hata kufika wa kumi na nne Asava amekwisha kudondoka.

Nikataja bei. Kimya. Nikaizidisha mara mbili.
"Siuzi. Hili si pambo, ni deni.
Shilingi thelathini na moja, senti arobaini.
Namwona kwenye televisheni na miwani ya jua, usiku,
namwambia: baba, mandazi yangu."

"Nikilipa mimi?"

"Dawa ya deni kulipa.
Hawakusema dawa iletwe na nani."

Nikatoa hamsini. Akanirudishia kumi na nane,
na peremende mahali pa senti.
Mkono wangu ulishanyooka kupokea,
kumbe yeye anatafuta kalamu.
Akaijaribu kiganjani,
na kabla sijapata sauti
akakata. Mstari mmoja mnene juu ya Elkana,
juu ya Mudaki, juu ya lile yai,
taratibu, kama mtu anayefunga duka.
Ukurasa wa kumi. Wa kumi na moja. Yote.
Imelipwa, akaandika kila mahali,
na akatia saini yake, ambayo hakuna aliyewahi kuiomba:
K, kisha wimbi.
"Haya, chukua. Halina kazi tena."

Usiku ule mke wangu alilifungua mezani
(yeye, ambaye hutafuta pasi tu),
akatia ukucha kati ya kurasa mbili
zilizogandana kwa mafuta.
"Na hii je?"
Chai moja. Nitalipa kesho.
Elkana Mudaki Asava, safi, haijaguswa.

Senti thelathini.
Sijairudisha. Nimeifungia kabatini,
na nikipita Barabara ya Jogoo
nageuza uso upande wa pili, kama mdeni.