Safu Nne

Riga, mwezi wa pili, ukumbi wa ghorofa ya tatu.
Nje barafu imeufunga mto Daugava mdomo;
humu ndani hakuna aliyefungwa mdomo.

Mimi ndiye mtunza umbo la faili.
Safu nne, na mkato katikati yake:
kituo, tarehe, saa, kina cha maji.
Nililichora nyuma ya risiti ya mkate
enzi zile kichwa changu kilipokuwa na nywele.

Kiwango kilikuwa kimoja.
Kikaingia wingi, kikawa viwango:
cha barafu, cha samaki, cha matope,
na kimoja cha kueleza
jinsi vile vitatu vinavyoelezana.

Ilmārs wa mabwawa anaomba safu ya tano.
“Kijisafu tu,” anasema,
na vidole vyake vinabana punje ya ngano hewani.
Bi Austra wa bima anataka sahihi.
Sahihi itataka muhuri,
muhuri utataka mlinzi wa muhuri.
Teodors, soksi moja nyekundu, moja kijani,
anataka kila kitu kitiwe ndani ya kitu,
nacho ndani ya kingine,
hadi namba ya maji yenyewe izame.

Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake,
lakini ngozi hii ni ya kiganja, jamani,
itachanika.

Nakiri: niliwahi kulegea.
Mwaka mmoja niliwapa safu ya maoni.
Wiki ya tatu nikakuta humo
namna ya kukaanga samaki, malalamiko ya mshahara,
na neno “tupu” limeandikwa kwa tahajia kumi na moja.
Niliifuta usiku, peke yangu, kama mwizi.

Sikatai viwango vyenu. Vijengeni, ila kando.
Kituo na saa ni ufunguo:
fungueni nao milango mnayotaka,
msiuyeyushe ufunguo kutengeneza bawaba.

Mnamkumbuka Velta, msoma kipimo wa Ozolkrogs?
Usiku ule mto ulipopanda hadi dirishani mwake
simu yake ilibakiwa na chaji ya pumzi moja.
Alituma mstari mmoja.
Kompyuta zetu mpya ziliupokea.
Na lile kuukuu la wazima moto,
ambalo hakuna aliyethubutu kulizima tangu linunuliwe,
nalo liliusoma, likapiga kelele.
Watu wakaamka. Ng'ombe hawakuwahi.

Kura: kumi na mmoja kwa tisa. Safu zibaki nne.
Sikushangilia. Mwakani watarudi,
nami mwakani huenda nikawa nimechoka.
Ilmārs ananimiminia chai, hanitazami.

Mfukoni simu inatetemeka.
Ni Velta, wa leo kama wa jana,
mkono wake bila shaka umekufa ganzi:

Ozolkrogs, 17-02, 05:00, 203