Karatasi ya Homa

Mwaka ule barua bado zilifika na jina la zamani la mji.
Shule yetu ya uuguzi ilikuwa na wanafunzi kumi na wanne,
na kila Jumapili wawili walibaki zamu wodini
wakihesabu mapigo ya watu wasiokuwa na habari na mpira.
Ukinitoa na mimi, mwenye mguu mfupi,
wanabaki kumi na mmoja kamili.
Basi nikapewa kalamu.

Shule nne zilishindana:
Walimu, wenye sauti;
Mafundi, wenye mapaja ya kufulia chuma;
Waseminari, waliopandisha kanzu wakazifunga kiunoni
na kucheza kama watu waliokwisha kusamehewa;
na sisi, tunanuka iodini.

Kiwanja kilikuwa Kadutu, ubavuni mwa kilima.
Kipindi kimoja unapanda, kingine unashuka,
kwa amri ya sarafu ya Mupe Odilon.
Mpira ukitokea upande wa chini haurudi:
unapita migomba, unapita jikoni kwa mama Nsimire,
hadi mto Kawa.
Kitoto kimoja, Cirhuza, kililipwa nusu franka kuukimbilia.
Msimu ule ni yeye peke yake aliyepata faida.

Daftari hatukuwa nalo.
Nikachukua wodini karatasi ya homa,
ile ya miraba, siku chini, joto pembeni,
na mahali pa digrii nikaweka mabao tuliyofungwa.

Jumapili ya kwanza, Walimu: saba.
Homa ya kuita familia.

Ya pili, Mafundi. Kitoga, beki wetu,
alimwangusha mtu hadi goti likachanika,
akapiga magoti palepale akamfunga bendeji,
akaifunga vizuri mno:
yule fundi aliinuka akatupachika la sita.

Ya tatu, Waseminari: nne.
Kengele ya sala ililia katikati ya mchezo,
wote tukasimama, vichwa chini.
Mpira haukusali. Uliteremka.

Ya nne, Walimu tena, na mvua.
Asukulu, golikipa, alitoka zamu ya usiku moja kwa moja;
mtoto wa kitanda cha tisa alikuwa amekufa alfajiri
na yeye ndiye aliyemshika.
Siku hiyo alidaka kila kitu,
hata mipira iliyokuwa ikienda nje.
Moja tu lilimpita, na hilo nalo aliligusa.
Baadaye alikaa golini, matope hadi kifuani,
watu wamekwisha kwenda.
Hatukumuuliza.

Ya tano, Mafundi: mbili. Sina la kusema.

Ya sita, Waseminari: moja.
Lakini kabla ya filimbi Muderhwa aliinama
kutoa mwiba unyayoni, mbele ya goli lao,
beki wao akabutua kwa nguvu zote,
mpira ukamgonga Muderhwa kisogoni
ukarudi ndani, polepole, kama mgeni anayebisha hodi.
Mupe Odilon alitazama saa. Alitazama mbingu.
Akakubali.

Karatasi ya homa haina mahali pa kuandika bao lako.
Nilichovya kijiti katika dawa ya vidonda, ile ya zambarau,
nikaweka nukta moja, nje ya miraba.

Birika la shaba walichukua Walimu.
Mafundi ndio waliolifua, na lilivuja.

Juzi mjukuu wangu Furaha, mwaka wa pili uuguzi,
aliitoa karatasi ile ndani ya kitabu changu cha sala
akaisoma kama alivyofundishwa, kidole kikitembea:
saba, sita, nne, moja, mbili, moja.
Joto lilishuka vizuri, akasema.
Na hii zambarau ni nini? Walimpa dawa?
Nikasema, ni mwiba.
Akanitazama kama wanavyotutazama sisi wazee.

Mgonjwa huyu alipona, babu?

Alishika mkia, nikamwambia.
Lakini siku ya mwisho alikaa kitandani mwenyewe
akaomba bugali.