Shibiri Moja ya Mchana

Mimi hulala mchana. Kazi yangu ni usiku,
wodi namba nne, Kitete, hadi saa moja asubuhi,
kisha bodaboda, Isevya, chai ya rangi, kitanda.
Jua la Septemba hapa halibishi hodi.
Lilikuwa likiingia na viatu.

Ndiyo maana nikanunua pazia la mota,
zito, la kijivu, kwa hela za vikoba za miezi minane.
Mihayo alicheka hadi akakaa chini:
"Mkono wa kuvutia pazia umekatika lini?"
Sikumjibu. Aliyegeuza wagonjwa kumi na saba usiku mmoja
hadaiwi maelezo ya kidole.
Nikabonyeza. Likaja lenyewe, likinguruma kama paka,
na saa mbili asubuhi ikawa usiku wangu.

Mwezi mmoja. Kisha likaanza ukaidi.
Linakuja, linakuja, likibakiza shibiri kufika ukutani
linasita, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni,
linarudi lote,
na jua linanimwagikia usoni kama maji ya vyombo.

Nikalitibu ninavyojua kutibu.
Kwanza historia: lilianza lini? Jumanne, umeme ulipokatika.
Betri za rimoti: mpya, nikaziuma hata hivyo.
Plagi imekaa. Luku, yuniti arobaini na moja.
Nikampigia muuzaji Dar. Akasema zima, hesabu kumi, washa.
Nikahesabu mia, kwa heshima.
Akasema bonyeza kitufe cha juu mpaka lishtuke mara mbili.
Likashtuka mara mbili.
Likarudi.
Akasema, dada, huko kwenu umeme ndio mbovu,
akakata.

Jumamosi Mihayo akaleta Luhende,
zamani wa karakana ya treni, sasa wa redio na pasi.
Nikamwambia ugonjwa uko kwenye mota.
Yeye akauliza, "Reli iko wapi?"
Mji huu neno hilo lina wenyewe.
Akapanda stuli, hakutoa bisibisi,
akalaza sikio kwenye chuma
kama anayesikiliza behewa lisiloonekana bado,
akanyamaza kwa muda ambao mimi hupimia mapigo.

"Shemeji," akasema, "humu mna watu."

Nyuki. Wale wadogo wasiouma, weusi kama mbegu za mchicha.
Walipita kwenye tundu la skrubu iliyosahauliwa,
wakajenga mlango wa nta, mwembamba kama mrija wa dripu,
na nyuma yake vijungu vya asali, vimejaa.
Pazia lilikuwa likifika pale, likigusa, likirudi.
"Halijaharibika. Ndivyo lilivyoundwa.
Likikuta kitu njiani linadhani ni kidole cha mtoto."

Nilikaa kitandani na sare yangu.
Wiki tatu nimetukana kitu
ambacho kila asubuhi kilikataa kumbana mtu.
Na mimi, usiku wa Alhamisi, nikiharakisha shuka,
nilimgeuza bibi wa kitanda cha sita, akasema "aa", kidogo tu,
nikaendelea kuvuta.

Mihayo alitaka kisu na bakuli.
Nikasema hapana, kwa sauti ya wodini.
Luhende akabonyeza, akashikilia, akahesabu kwa midomo,
akalifundisha pazia ukuta mpya:
komea hapa, shibiri moja kabla ya ule wa matofali.
Akachukua elfu tano, na tone la asali
kwenye ncha ya bisibisi iliyopata kazi mwishoni.
Ina uchachu, akasema, kama ukwaju uliolala.

Sasa pazia linafika, linatulia.
Mwanga unaobaki ni mwembamba.
Saa mbili uko kwenye paji la uso wangu, kama anayepima homa,
saa tatu magotini, saa nne miguuni,
saa tano umepanda dirishani na kwenda zake.
Usingizi haujatimia hata siku moja.
Juu ya kichwa changu, ndani ya reli,
zamu nyingine inaingia kazini.