Kilichopungua

Desemba huku Iceland jua ni mgeni asiyevua viatu:
saa tano na ushei huchungulia mgongoni mwa mlima,
saa tisa na nusu keshaaga.
Ndiyo maana nyanya zangu hazilijui.
Zinazijua taa, mia mbili na arobaini,
rangi ya kiini cha yai, zikivuma usiku kucha,
hata madereva wa malori wakipita kule juu
hudhani bonde limeshika moto.

Chini ya sakafu mvuke wa ardhi unapita mabombani
ukinuka yai viza.
Nyuzi ishirini na mbili, nimeuwekea mpaka,
kwani jani nalo lina homa yake:
lipashe mno, vimeng'enya hulegea, kazi husimama;
liache lipoe, litafanya kazi, ndiyo,
kama mtu anayeshona kifungo huku amevaa glovu.

Hewaukaa tunainunua kwa mitungi.
(Mama mkwe alicheka hadi akakaa chini:
mnanunua pumzi ambayo ng'ombe hutoa bure!)
Jani hufungua midomo yake upande wa chini, likanywa.
Maji hupanda kutoka mizizini.
Mwanga huingia bila kubisha hodi.
Humo ndani, katika ukijani ule, sukari inapikwa
bila sufuria, bila moshi,
na oksijeni hutupwa nje kama maganda.

Kisha ile Jumanne dhoruba ikalaza nguzo kumi na moja.

Jenereta iliweza safu nne tu. Nane zikabaki gizani.
Shemeji yangu Hjörleifur, mtu wa kufungua kila kitu,
akafungua valvu ya hewaukaa hadi mwisho:
"Hazina mwanga? Zile hewa!"
Nikabana jani kwa kibanio cha kipimo.
Mshale umelala.
Akaongeza joto. Umelala.
Akaongeza maji, mbolea, na tusi moja la babu yake.
Umelala vilevile.
Msafara huenda kwa mwendo wa farasi anayechechemea;
ukiwalisha wale wazima shayiri ya mwaka mzima
hutafika mapema hata kwa hatua moja.

Ndipo, sijui kwa nini, nikamfikiria Eyvindur wangu
aliyekaa jikoni tangu Septemba,
tangu kondoo wetu wote wachinjwe kwa ule ugonjwa wa ubongo.
Nimempa supu. Nimempa blanketi, daktari, matone ya vitamini,
redio mpya. Kila mwezi naongeza kitu,
na kila mwezi naongeza kilekile ambacho tayari anacho.

Nikampigia simu. Sikujua niseme nini.
Nikasema, "Eyvindur, nina giza huku."

Kimya. Halafu kiti kikaburuzwa.

Alikuja na trekta kuukuu, theluji ikimfika magotini,
pajama ndani ya ovaroli.
Akaliegesha pua kwa pua na ukuta wa kioo,
akawasha taa zote mbili, ya kushoto ina ufa,
akazielekeza kwenye safu ya mwisho.
Hjörleifur akacheka. Na ni kweli ilichekesha:
taa mbili za trekta dhidi ya usiku wa saa ishirini!
Nikabana jani tena.
Mshale ukatikisika, upana wa unywele.
Pengine ulikuwa mtetemo wa injini.
Sikumwambia mtu neno hilo la pili.

Alikaa humo hadi alfajiri, injini ikinguruma,
kila nusu saa akishuka kupangusa theluji kwenye kioo
na kuniuliza kwa ishara: vipi?
Nami nikimwonyesha kwa vidole viwili,
kidogo, kidogo sana, endelea.

Umeme ulirudi saa nne. Safu tatu tulizipoteza.
Nilipokuwa nakata mashina yaliyolegea
nikaona, kwenye ile safu ya mwisho,
vichipukizi vichache vimepinda shingo
kuelekea mahali trekta liliposimama.