Jina la Mia

Mbele ya tribunali ya Lubumbashi, chini ya mwavuli uliofifia,
napiga mashine. Herufi M inakwama, lazima niivute kwa ukucha.
Leo nimeivuta sana: Mukalay, Mbuyu, Monga, Mwape,
na Mama Efrazia Numbi, aksio tatu,
alizozilipa kwa makala, gunia kwa gunia.

Kampuni ilikuwa ya kuyeyusha shaba. Ilikuwa na bango, ilikuwa na kofia.
Mkutano wa mwaka ulifanyika hotelini, kwa Kifaransa.
Wenye aksio chache walibaki getini na karatasi zao
kama watu waliokuja kuomba kazi.
Ndani, wakubwa waliwauzia shemeji zao tanuru
kwa bei ya baiskeli.

Avoka Kishiko anasema: mmoja mmoja mtachoka.
Aksio tatu hazilipi hata nauli ya kuja kuzidai.
Ana mpwa anayesoma sheria Pune, India. Usiku wamepigiana:
kule wenye hisa mia wakilalamika pamoja
faili hufunguliwa moja, na hukumu huwashika wote.
“Na hapa?” nikauliza.
“Hapa sijaona palipoandikwa mia. Lakini hakimu ana masikio.”

Basi tunahesabu.
Mzee Kapya kaleta cheti kilicholiwa na mchwa,
umebaki muhuri na nusu ya jina. Tumemwandika.
Mjane wa Ngosa kaweka kidole, kajipangusa wino kwenye kitenge,
kauliza kama marehemu naye anahesabiwa.
Hapana, mama. Yeye ni wewe.

Tisini na tisa.

Mama Efrazia ananikatia kipande cha kikanda:
“Kula, baba, unatufanyia kazi.”
Sikimezi.
Kwenye faili, kielelezo cha kwanza, kuna ile karatasi ya ahadi:
*pesa yako italala maskini, itaamka tajiri.*
Niliipiga mimi. Hapa hapa. Kwa mashine hii.
Ziangalieni M zake, zote zimeruka juu ya mstari.
Nililipwa aksio mbili,
nimezikunja chini ya mguu wa meza isiyumbe.

Avoka anapitisha kidole kwenye orodha, kinafika chini, kinasimama.
Hanitazami. Labda amekwisha kuziona zile M.

Nainama, nazivuta.
Meza inayumba, nampa Mama Efrazia aishike.
Halafu natia ukucha kwenye mashine,
maana jina langu nalo linaanza na herufi hiyo.