Deni la Picha

Tulikuwa saba, kamera tatu.
Mwalimu Shaame alizigawa kama dozi:
"Dakika kumi kumi, halafu mpe mwenzio,
na atakayeangusha, tutaangushana."

Jumamosi ya kwanza hatukutoka darasani.
Tulisoma tundu: likiwa dogo namba huwa kubwa,
likiwa kubwa namba huwa ndogo.
Bi Chumu akauliza, "Aliyepanga hivi ni mtu wa serikali?"
Tukacheka, tusielewe, tukaandika.

Mimi nauza dawa Wete mjini, mwaka wa kumi na tisa huu.
Nimezoea kusoma mwandiko wa madaktari,
nikadhani mwanga nao utasomeka.
Picha yangu ya kwanza ilitoka nyeusi tii.
"Umepiga usiku wa manane, saa nne asubuhi," alisema Asaa,
akanitolea kifuniko kwenye lenzi, taratibu,
kama anayemfuta mtoto kamasi.

Jumamosi ya tatu tukaenda Piki.
Karafuu zimeanikwa uani, kando ya barabara, mpaka uwanja wa mpira,
jamvi kwa jamvi: za juzi zimeshakuwa kahawia,
za jana zinababaika,
za leo kijani bado, na wekundu kidogo wa haya.
Harufu haiingii kwenye kamera.
Hilo hakutufundisha mtu.

"Omba kwanza," Mwalimu alisema. "Uso wa mtu si ukuta."
Nikamwomba mwanamke aliyekuwa akichambua,
kidole gumba cheusi kwa utomvu, pishi kando yake.
Hakuinua kichwa.
"Jina lako?" Nikalitaja.
"La mamako?" Nikalitaja.
"Na hiyo picha itakwenda wapi?"
Hapo nikakwama.
Akasema yeye ni Bi Mize, na anafikiri.

Basi nikangoja, nikipiga vitu visivyo na jina wala mama:
ndara, kuku, kivuli cha jamvi, ndara tena.
Dakika zangu kumi zikaisha, nikaiba za Kombo.

Halafu tone.
La pili likanigonga mkononi, la tatu hatukulihesabu.
Uwanja mzima ukapiga ukelele mmoja: "Anua!"
Mwalimu Shaame akawa wa kwanza kulitupa somo,
akashika ncha ya jamvi na mtoto asiyemjua.
Bi Chumu, na goti lake bovu, alikimbia.
Tukakunja, tukaburuta, tukamimina,
karafuu zikaingia viatuni, kwenye mikunjo ya kanga,
na mwanga ule!
Jua upande huu, mvua upande ule,
kila tone limewashwa peke yake,
wala hapakuwa na hata mmoja wetu mwenye mkono mtupu.

Ilipopita, Bi Mize alijifuta uso,
akafunga ushungi upya, akakaa juu ya gunia
kama mtu aliyemaliza kufikiri.
"Haya. Piga."
Nikainua kamera. Kioo kimezima.
Betri nimeimaliza kwa kuku na ndara.
Naye ametulia, kidevu juu,
maji yakimchuruzika nyuma ya sikio,
anangoja.
Nikabonyeza. Ulimi wangu ukalia wenyewe: tak.
"Umepiga?"
"Nimepiga, Bi Mize."
"Nimetoka vizuri?"
"Vizuri sana."

Jumatatu dukani nilihesabu vidonge vya mtu mara tatu.
Picha isiyokuwepo naiona kuliko zote:
najua tundu ningelifungua kiasi gani,
najua ningepiga goti, si kusimama,
najua karafuu moja imenasa kwenye unyusi wa kushoto.

Leo wenzangu wamekwenda Mkoani kupiga gati.
Mimi nimechaji betri mbili, nimepanda gari ya Piki.
Sijui nitaanzaje. Labda nitasema kweli.
Labda nitasema ile ya kwanza haikunitosha,
naomba ya pili.

Kifuniko nimekitoa tangu nyumbani.